Mto Songwe ndo mpaka, na mto wenyewe unahama

Hapana mkuu, unaosema ugomvi wa mpaka wa Tanzania na Malawi ni wa Ziwa Nyasa tu, sio wa ziwa peke yake, Mto Songwe nao umo na huku kwetu Kyela, upande wa Tanzania, ndo unaotuuma zaidi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ulipitisha mpaka ufukweni mwa ziwa upande wa Tanzania (hapo ndo Malawi wanaposhikilia, sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji) halafu ukaupandisha na mto Songwe. Sasa ule mto kule chini tambarare unajipinda kama nyoka, masika ikikolea unavunja kingo unajikatia njia mpya, mtu kalala ana shamba la mpunga upande huu akiamka mto umepita nyuma ya shamba, ukimuuliza yuko nchi gani na yeye anakuuliza wewe. Nimekulia huko, nimeona migomba imesimama ng'ambo na mwenyewe yuko huku anaiangalia tu, inauma sana.

Ila tusikuze, pale Songwe hawajapigana vita, Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga kule Malawi ni ndugu wanaooana, na serikali zote mbili zina kamisheni ya pamoja ya bonde la mto na mpango wa mabwawa ya kupunguza mafuriko ili mto utulie, maana kuweka alama za mpaka bila kuzuia kingo kumomonyoka ni kazi bure, mafuriko yakija mto unaziacha alama nchi kavu. La ziwa ndo bado halijaisha.