Mtihani wa darasa la sita: kabla ya kukimbilia tuisheni

Tangu binti yangu achaguliwe mchepuo, yaani madarasa maalumu ya sekondari ya waliofanya vizuri zaidi mtihani wa darasa la sita, wazazi wenzangu hapa Wete, Pemba, wananiuliza swali moja tu: tuisheni ipi nzuri? Mie nawauliza: mwanao akipewa swali la sayansi, anajua anaulizwa nini?

Nyumbani tunazungumza Kiswahili, na binti yangu sayansi na hisabati alisomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Binti yangu aliweza kunieleza vizuri kabisa mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nikampa karatasi ya mtihani uliopita, akajaza mistari ya jambo ambalo hakuulizwa. Somo analo, swali ndilo lililompita.

Tukaacha kukimbiza mada mpya. Baada ya Isha anachukua maswali machache ya zamani, na kabla ya kujibu ananieleza kwa Kiswahili anatakiwa afanye nini: ataje tu, atoe sababu, au alinganishe vitu viwili? Ndipo aandike. Kiingereza changu mwenyewe ni cha kuungaunga, lakini kazi ya kufasiri ilikuwa yake. Tukikwama, neno linaingia kwenye daftari, kesho anamuuliza mwalimu. Hesabu za maneno ndizo zilizofaidika khasa, zile za mtu aliyenunua mchele akauza kwa faida.

Tuisheni siipingi, ila zihesabu saa za mtoto. Asubuhi skuli, alasiri chuoni kusoma Kurani, usiku tena benchi la tuisheni anasinzia. Wapo wanaomtoa mtoto chuoni mwaka huo. Mie sikumtoa, aliyezoea kurudia sura mpaka ustadhi aridhike ana subira ambayo tuisheni haiuzi. Nilichopunguza ni televisheni, na msimu wa karafuu akawa anachambua Jumamosi na Jumapili tu (bibi yake alinuna).

Mwambie mapema, matokeo hayajatoka, kwamba asipochaguliwa ataingia kidato cha kwanza kwenye skuli ya kawaida, na mtihani wa kidato cha pili unawangoja wote, wa mchepuo na wasio wa mchepuo. Yakishatoka hatakusikia, majirani watakuwa wameshasema yao.

Na akichaguliwa huenda ikawa dakhalia, akalale huko huko skuli. Basi mwaka huo huo ajue kufua sare yake na kuamka alfajiri bila ya kuitwa. Wavulana khasa, maana mama zao tunawadekeza.