Kozi za bure mtandaoni: maswali yenu

Nimejiandikisha kozi 11 za bure, sijamaliza hata moja. Niongeze ipi?

Usiongeze. Jitoe kumi, ubaki na moja.

Mbona kozi iliyoandikwa "bure" inanidai pesa mwishoni?

Swali hili halikauki. Someni ukurasa wa kozi kabla ya kubonyeza! Mara nyingi mihadhara ndiyo ya bure. Cheti hulipiwa, na wakati mwingine hata usahihishaji wa mitihani. Kama huna uwezo, angalia kama jukwaa lina msaada wa ada. Na ukijaza namba ya kadi kwa ajili ya "majaribio ya bure", andika siku hiyohiyo tarehe ya kuisha, usije ukakatwa.

Elimu huria si ndiyo hiyohiyo ya bure?

Siyo, na tofauti yake ni kubwa. Bure ni kwamba leo hulipi. Huria ni kwamba leseni inakupa haki ya kupakua, kunakili, kutafsiri na kugawa. MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilipotangaza OpenCourseWare, tovuti yake ya masomo huria, mwaka 2001, iliamua kuweka wazi maandalio ya masomo, mazoezi na mitihani. Leo mwalimu anaweza kuchukua zoezi la humo, akalitafsiri kwa Kiswahili na kuligawa darasani bila kumwomba mtu, mradi ataje lilikotoka, asilifanyie biashara, na tafsiri yake aiache chini ya leseni ileile. Linganisha na edX, jukwaa la kozi za mtandaoni: MIT na Harvard waliianzisha mwaka 2012 bila lengo la faida, na mwaka 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Usichokuwa nacho mkononi, mwenye nacho anaweza kukibadilishia masharti.

Kuna anayemaliza kweli?

Wapo, wachache. Kozi ya kwanza ya edX, ya saketi na elektroniki, iliandikisha watu wapatao 155,000. Waliofaulu ni 7,157. Kijana wa miaka 15 kutoka Mongolia alipata alama zote, na sifa zake zilienea dunia nzima. Kisichosimuliwa sana ni kwamba shuleni kwao alikuwepo mhitimu wa MIT aliyewapelekea vifaa vya maabara, na wenzake waliisoma kozi ileile pamoja naye. Mimi mwenyewe niliwahi kutazama video sita za takwimu usiku mmoja, nikaelewa kila kitu. Asubuhi nikachukua karatasi kukokotoa mkengeuko wastani, nikakwama mstari wa pili. Tafuteni mwenzenu wa kusoma naye, hata mmoja, na fanyeni mazoezi kwa kalamu.

Mwajiri atakitambua cheti?

Mwonyeshe kazi uliyoifanya kwanza.

Niipe akili mnemba inifanyie majaribio ya kozi?

Hapana. Anayehitaji kujua ni wewe.

Intaneti yangu ni ya kusuasua, video zinakwama.

Achana na video. Kozi nyingi za OpenCourseWare zina kitufe cha kupakua kozi nzima: chukua maandishi na mazoezi, yahifadhi kwenye flashi, umgawie na jirani. Leseni inaruhusu.