Nashika vipindi vya mwalimu aliye likizo: je, nisomee ualimu huku nikifundisha?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, mkazi wa Morogoro. Nilimaliza kidato cha sita nikapata C ya Baiolojia na D ya Kemia, lakini sikuendelea na chuo kwa sababu nilikuwa namuuguza baba. Tangu mwezi uliopita ninashika vipindi vya mwalimu aliye likizo ya uzazi katika shule moja ya sekondari ya binafsi. Ninafundisha Kemia na Baiolojia katika mikondo yote minne ya kidato cha pili, jumla vipindi 24 kwa wiki. Kazi nimeipenda kuliko nilivyotarajia, ingawa Kidato cha Pili B wananishinda. Mkuu wa shule anasema mwenye vipindi akirudi, "tutaona namna ya kukubakiza." Nataka kujiunga na Chuo Kikuu Huria nisomee ualimu bila kuacha kazi, lakini mjomba anasisitiza niende chuo cha bweni. Je, kazi na masomo vinawezekana kwa pamoja? Miezi hii itahesabiwa kuwa mazoezi ya kufundisha? Na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakinikuta darasani itakuwaje?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Swali lako limenigusa kwa sababu njia unayoiulizia ndiyo niliyopita mimi. Niliingia darasani mwaka 2006 nikiwa nimetoka kidato cha sita, nikiwa na mafunzo ya wiki chache na leseni mkononi, wakati shule za kata zilipokuwa zikifunguliwa kwa haraka kuliko vyuo vilivyoweza kutoa walimu. Watu walituita "vodafasta", jina la huduma ya kuongeza salio la simu, wakimaanisha kwamba tumepikwa upesi. Jina hilo liliniuma, lakini lilinisukuma nijisajili Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu sifa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, alama kuu (principal pass) mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4 ndizo zinazomfungulia mhitimu wa kidato cha sita mlango wa shahada. C ina pointi 3 na D ina 2, kwa hiyo wewe unazo 5. Kilichobaki ni kusoma masharti ya programu yenyewe unayoiombea, kwa kuwa programu nyingine huongeza sharti la somo fulani. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia, na kina kituo hapo hapo Morogoro. Nenda ukaonane nao ana kwa ana badala ya kutegemea maneno ya vijiweni.

Kuhusu mazoezi, jibu ni hapana, na ni vizuri ulijue mapema. Mazoezi ya kufundisha huhesabiwa pale chuo kinapokupangia muda, kikamtuma mtathmini akaketi darasani, akakagua azimio la kazi na andalio la somo, kisha akakupa alama. Miezi unayofundisha sasa, hata ukifundisha vizuri namna gani, haimo katika hesabu hiyo.

Kuhusu wathibiti ubora, sheria inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu au awe na leseni ya kufundisha. Jukumu la kulishughulikia suala hilo ni la shule pamoja na wewe, lisiwe siri ya ofisini. Mwulize mkuu wa shule kwa adabu kama leseni yako imeombwa, na uone karatasi. Papo hapo omba makubaliano ya maandishi yanayotaja vipindi, malipo na tarehe ya mwisho. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 mama akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na wewe mwezi mmoja umekwisha kuutumia. "Tutaona" si ahadi ya ajira, na nisingependa upange ada ya chuo juu ya neno hilo.

Sasa niseme lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Kufundisha huku unasomea ualimu kunawezekana, lakini darasa halimfundishi mtu ualimu kwa sababu tu anasimama mbele yake kila siku. Mimi niliamini hivyo kwa muhula mzima. Nilikuwa na Hisabati kidato cha kwanza, wanafunzi 60 na zaidi, na kila nilipouliza kama wameelewa, darasa zima liliitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Siku moja nikakusanya madaftari baada ya somo la sehemu, nikakuta wengi wamejumlisha nusu na theluthi wakapata mbili ya tano, yaani wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Nilikuwa nimefundisha wiki nzima bila kujua kwamba hawapo pamoja nami.

Aliyeniokoa ni mwalimu mzee shuleni pale ambaye mwenyewe alianza kazi wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa wafundishe huku wakijifunza ualimu kwa posta, kwa redio na chini ya mratibu wao, na yeye alikuwa mmoja wao, akajiendeleza hatua kwa hatua hadi sekondari. Aliomba kuketi nyuma ya darasa langu kipindi kimoja. Hakuandika neno lolote kuhusu Kiingereza changu wala ubao wangu, ambavyo ndivyo nilivyoviogopa. Alichora ramani ya madawati na kuweka alama kila nilipomwita mwanafunzi. Alama zilikuwa tano, zote safu ya mbele. Kesho yake niliingia na majina kwenye vipande vya karatasi, nikaita kwa kuokota, na mkono wa kwanza kuinuliwa kwa swali ukatoka safu ya nyuma kabisa. Baadaye niliposoma saikolojia ya elimu chuoni, kila ukurasa ulikuwa na sura ya mtoto ninayemjua.

Hiyo ndiyo faida ya kusoma ukiwa kazini, na ninaitetea mbele ya mjomba wako. Hata hivyo, hoja yake ina uzito, maana chuo cha bweni kinakupa kitu ambacho kazi itakunyang'anya, nacho ni saa. Hebu tupige hesabu ya wiki yako. Vipindi 24 vya dakika 40 ni saa 16. Kama kila mkondo una wanafunzi 50 na masomo ni mawili, una madaftari 400. Ukiyasahihisha mara moja kwa wiki kwa dakika mbili kila moja, ni zaidi ya saa 13. Bado hujaandaa somo hata moja, hujawa mwalimu wa zamu, hujapika wala kumwangalia baba. Mwanafunzi wa chuo huria hana mhadhiri wa kumsubiri kila asubuhi, kwa hiyo asipojiwekea saa zake, mwaka unaisha moduli hazijafunguliwa. Nimewaona wenzangu wenye akili kunizidi wakirudia mitihani si kwa kutoelewa, bali kwa kufika kwenye chumba cha mtihani moja kwa moja kutoka kusimamia mitihani ya shule.

Kwa hiyo ningekushauri umalizie siku hizo 84 kwa moyo wote, na wakati huo huo uombe nafasi Chuo Kikuu Huria dirisha la maombi likifunguliwa. Shule ikitaka kukubakiza, kubali vipindi visivyozidi 12, siku moja ya wiki isiwe na kipindi kabisa, na ratiba ya mitihani yako ya chuo wapewe tangu mwanzo wa muhula. Wakikataa na kusema ni vipindi 24 au basi, hapo mfuate mjomba bila kinyongo, kwa kuwa mzigo huo utakuacha na mshahara mdogo bila cheti. Kama kumtunza baba kunakuzuia kulala bweni, mwambie mjomba wazi na muulize nani atabaki naye. Huenda anapendekeza chuo cha bweni bila kulifikiria hilo.

Juu ya Kidato cha Pili B, usingoje chuo. Mwombe mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, au mwalimu yeyote wa sayansi unayemwamini aje aketi nyuma wiki hii, na umpe kazi moja tu, kuhesabu unawaita nani. Chagua kile kipindi kinachokutia hofu zaidi, kama ni cha mwisho mchana kwenye joto basi kiwe hicho, na usiwaambie wanafunzi mapema kwamba kuna mgeni.