Imeili kufa bado sana, mkuu

Mtoa mada umeuliza kuna haja gani ya kuhangaika na imeili wakati kila mtu yuko WhatsApp na Telegram. Nikujibu kwa yaliyonikuta, maana na mimi niliwaza hivyohivyo.

Nilikuwa nachukua kazi za kuchora nembo na mabango, nikaamua kila kitu kiishie kwenye chati. Raha tupu. Mteja anatuma sauti akiwa njiani, namrushia picha, kazi inasonga. Mmoja tukakubaliana kwa maandishi: nusu ya malipo mwanzo, nusu kazi ikiisha. Nilipomaliza akaruka, eti alishalipa yote. Nikapandisha chati hadi siku ile. Nikakuta mstari wa kijivu: "Ujumbe huu umefutwa." Chini yake limebaki jibu langu mwenyewe, "Sawa bosi", na kidole gumba. Sawa ya nini sasa? Hata mimi ningejisomea nisingejiamini.

Imeili ikishaingia kwenye kikasha changu, aliyeituma hana tena mkono wa kuichomoa. Hata kile kitufe cha Gmail cha kutengua kutuma kinaichelewesha tu kwa sekunde zisizozidi 30. Zikipita, imekwenda.

Ila sababu yangu kubwa ni nyingine: imeili haina mwenyewe. Mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Ray Tomlinson, alituma ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971, akachagua ile alama ya @ itenganishe jina la mtu na mashine yake. Mwaka 1982 ikaandikwa itifaki ya SMTP, yaani kanuni za jinsi kompyuta zinavyopelekeana imeili, na yeyote anaruhusiwa kuitumia. Ndiyo maana wa Gmail anamwandikia wa Yahoo, na wote wawili wanamwandikia mtu mwenye seva yake (kompyuta inayotuma na kupokea barua) chumbani. Hebu jaribu kutoka WhatsApp kumtumia ujumbe mtu wa Telegram. Umoja wa Ulaya imebidi utunge sheria kuilazimisha WhatsApp ifungulie programu nyingine mlango!

Halafu hizi programu zinakufa. AIM ilifungwa 2017, Yahoo Messenger 2018, ICQ 2024, Skype 2025. Google Wave ilitangazwa 2009 kwa mbwembwe kwamba ndiyo imeili mpya. Mwaka uliofuata Google wenyewe wakaacha kuiendeleza. Programu ikifungwa, anwani yako inakwenda nayo. Imeili ukiwa na kikoa chako mwenyewe, yaani lile jina linalokaa baada ya @, unahamisha seva na anwani inabaki ileile.

Sisemi imeili haina kasoro. Kwa usiri wa maongezi inapitwa mbali: tangu 2016 WhatsApp inasimba ujumbe wa kila mtu kutoka simu hadi simu, yaani wa katikati hawezi kuusoma, wakati imeili ya kawaida mwenye seva anaweza kuisoma. Na ule uhuru ninaousifia una gharama. Niliwahi kuendesha seva yangu, wiki mbili nzima barua zangu zikawa zinaangukia kwenye taka za watu. Kumbe sikuwa nimeweka SPF wala DKIM, zinazothibitisha kwamba anayetuma ndiye mwenye kikoa. Tangu 2024 Gmail na Yahoo wamezidi kubana, hasa kwa wanaotuma barua nyingi kwa mpigo. Kwa hiyo soga, dharura na maneno ya nyumbani yameshahamia kwenye chati, na sioni yakirudi. Imeili naiona inabaki kama masjala: risiti, mikataba, kubadili nywila.

Siku hizi tunapiga soga kwenye chati kama kawaida, tukielewana namtumia mteja imeili ya mistari mitatu: kazi, bei, tarehe. Ajibu "nimekubali" ndipo nianze. Wapo wanaoniambia hawana imeili. Huwa namuuliza tu, hiyo akaunti ya kwenye simu yako uliifungua kwa kutumia nini?