Maswali na Majibu: Kona, Kutolewa Njiani na Shoki ya Nyuma

Maswali mengi safari hii yanahusu mashindano ya baiskeli za milimani, yale ya kupanda na kushuka porini kwa kurudia mzunguko uleule. Nimejibu matano.

Kocha, nilikuwa mkimbiaji kabla ya kununua baiskeli. Mlimani nawapita wengi, lakini tukianza kushuka wote wananirudia. Nifanye mazoezi gani ya kuongeza pumzi? (Dagoretti)

Pumzi unayo, kaka, iache. Anayekupita mteremkoni anakushinda kwa macho na vidole. Wanaoogopa kushuka karibu wote hutazama gurudumu la mbele. Tazama mbali, pale unapotaka kufika, maana baiskeli hufuata macho. Ukilikodolea jiwe macho, utaligonga.

Inuka kwenye kiti, pedali ziwe usawa mmoja, viwiko vikunjwe na kutanuka nje. Usijivute nyuma mno. Gurudumu la mbele likikosa uzito halishiki ardhi, na hilo ndilo linalokupitisha kwenye kona. Breki za diski hazihitaji zaidi ya kidole kimoja kila upande, na kupunguza mwendo kuishe kabla hujaingia kwenye kona. Ukifunga breki katikati unateleza, au unatoka huna mwendo na kulazimika kukanyaga upya. Nguvu zako zinapotelea hapo. Ukipoteza sekunde 2 kila kona, na mzunguko una kona 20, umeacha sekunde 40 ambazo hakuna mlima utakaokurudishia.

Kwa hiyo chagua kona moja yenye mteremko mfupi, ishuke, rudi juu, ishuke tena mpaka uichoke. Upande wa Ngong hutakosa. Karura usiende kwa kazi hiyo: kuna njia zilizotengewa baiskeli, lakini msitu ni wa watu wote, na mtoto akichomoza kwenye kona hatajua kwamba wewe unajiandaa kwa mashindano.

Nilikuwa nimebakiza mizunguko miwili, miguu bado ina nguvu, msimamizi akaniambia nitoke. Ni haki kweli? (Kasarani)

Ni haki, dada, ingawa inauma. UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, lina kanuni ya asilimia 80, na waandaaji wengi huifuata. Kipimo ni mzunguko wa kwanza wa anayeongoza. Akiutumia dakika 15, wewe ukiachwa nyuma kwa dakika 12 unatolewa, kwa sababu kiongozi akikukuta kwenye kijia chembamba hatapata pa kupitia. Jina lako halifutwi. Linaandikwa kwenye matokeo pamoja na idadi ya mizunguko uliyobakiza. Hata kwenye Olimpiki watu hutolewa hivyo. Ninachowalaumu waandaaji wetu ni kutoitangaza kanuni hiyo kabla ya filimbi.

Mbio za zaidi ya saa nzima, mbona wanatoka kama wa mita 100? Si watunze nguvu? (Umoja)

Mbio za wakubwa kwa kawaida ni za dakika 80 hadi 100, kwa hiyo hesabu yako ina mantiki. Lakini njia huanza pana, kisha husinyaa ikawa kijia cha mtu mmoja, na hapo inakuwa kama matatu za Thika Road zikibanwa Pangani. Aliye mbele anapita. Aliye wa thelathini anashuka, anasukuma na kungoja wenzake, huku wa mbele wakiyoyoma. Mbio hizo za mwanzo ni za kununua nafasi, kwa hiyo zifanyie mazoezi pia.

Utaniambia kwamba Mwingereza Tom Pidcock alipata pancha katika mbio hizi kwenye Olimpiki ya Paris 2024 na bado akatwaa dhahabu. Ni kweli, lakini ile njia ya Élancourt, zilikofanyika mbio hizo, ilikuwa na sehemu pana za changarawe za kupitana, na Pidcock ni Pidcock.

Nimeonyeshwa baiskeli mbili za mtumba, bei moja: moja ina shoki mbele na nyuma, nyingine mbele tu. Nichukue ipi? (Kayole)

Ya mbele tu, bila kusita. Kwa bei ya chini, shoki ya nyuma ni uzito wa bure: viungo vinalegea, na kila ukikanyaga sehemu ya nguvu inaishia kwenye springi. Kabla ya kulipa, kagua viungio vya fremu kama vina ufa, hasa karibu na usukani, na mirija ya shoki kama ina kutu. Pesa itakayobaki itie kwenye tairi. Ukiweza, weka zisizo na tyubu, zenye maji ya kuziba, maana miiba ya migunga haina huruma. Kwa mtu wa kilo 70, presha ya PSI 20 hadi 25 inatosha kwa tairi pana za namna hiyo. Naona wengi wakijaza hadi tairi iwe ngumu kama ya bodaboda, halafu wanashangaa kwa nini wanateleza.

Mvua ikinyesha siku ya mashindano, nibadilishe nini? (Ruaka)

Punguza presha kidogo, paka cheni mafuta mazito ya msimu wa mvua, na uwe mpole na breki. Udongo mwekundu wa kwenu Kiambu unateleza lakini unapitika. Ule mweusi wa kuelekea Athi River hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome, na ukilazimisha utakata cheni. Ukiuona, shuka mapema, beba baiskeli begani, kimbia. Kanuni zinaruhusu.