Kufuga kambamiti: mikoko iacheni, chimbeni kwenye jangwa

Ndugu, umeeleza kwamba kikundi chenu kimepewa na kijiji ekari kadhaa kando ya mkondo wa bahari, nusu mikoko na nusu jangwa la chumvi (uwanda mtupu nyuma ya mikoko), na mnataka kukata mikoko ili mabwawa yawe karibu na maji. Nimefuga mwatiko (samaki wa maji chumvi) na kambamiti huku Kilwa kwa miaka mingi, na nakusihi: msikate hata mti mmoja.

Kwanza, kijiji hakina mamlaka ya kugawa mikoko. Tanzania Bara mikoko ni hifadhi ya Serikali iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Hilo peke yake lingetosha, lakini hata mngepewa kibali, udongo wenyewe ungewashinda. Lile tope jeusi linalonuka yai viza lina chuma na salfa. Likiwa chini ya maji halina neno, ila likichimbwa na kupigwa jua linageuka tindikali. Mvua ikinyesha juu ya matuta, tindikali yote inashuka bwawani, kambamiti wanajivua gamba na jipya halikomai, nanyi mtamwaga chokaa msimu baada ya msimu. Jangwani nako msiamini macho. Chimbeni shimo la mita moja, pimeni pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ya udongo ukiwa mbichi, uacheni ukauke wiki tatu, pimeni tena. Ikiwa imeporomoka chini ya 4, tafuteni sehemu nyingine.

Maji ya kujaza bwawa ni hesabu ya bamvua, siku maji ya bahari yanapojaa sana. Chomekeni vijiti na muweke alama maji yanapofika, wakati wa bamvua na wa maji mafu, siku yanapojaa kidogo. Sakafu ya bwawa iwe juu ya maji ya kupwa, ili baada ya kuvuna likauke kabisa lipasuke nyufa. Bwawa lisilokauka linatunza magonjwa.

Sasa maji ya kutoka, ambayo karibu kila andiko la mradi ninaloliona linayasahau. Katika naitrojeni ya chakula unachowapa, takribani robo tu ndiyo inayokuwa nyama ya kambamiti. Iliyobaki ni uchafu majini, na ukiuachia mkondoni unarudi kwako na kwa jirani maji yakijaa. Tengeni bwawa la kutulizia kabla ya kuchimba la kwanza la kufugia, muweke humo mwatiko na chaza, kisha maji yatoke polepole kupitia mikoko, mbali na mlango mnaoingizia. Hiyo mikoko mliyotaka kuikata ndiyo itakayowasafishia maji bila malipo! Kubalianeni pia na wafugaji wengine nani anatoa maji lini. Magonjwa husafiri na maji: ugonjwa wa madoa meupe wa kambamiti uliingia Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, ukafyeka mashamba makubwa yenye wataalamu wao.

Kama hamna umeme wa kuendesha mashine za hewa, msizidishe vifaranga watano kwa mita ya mraba. Oksijeni hushuka zaidi alfajiri, basi pimeni saa kumi na moja, si mchana. Na vifaranga msivue kwa chandarua mikokoni: kwa kila kambamiti mmoja mnaua watoto wa samaki wengi ambao wavuvi wenu wanawategemea.

Msilione suala la wavuvi kuwa dogo. Miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa shamba la kambamiti la takribani hekta 10,000 katika delta ya Rufiji. NEMC, Baraza la Taifa la mazingira, ilishauri lisipitishwe, Serikali ikaidhinisha mwaka 1997, wanakijiji wakaenda mahakamani, na shamba halikujengwa. Nyie ni wadogo, lakini akina mama wanaookota tondo (konokono wa mikokoni) na kaa hapo wana njia zao. Waiteni kwenye kikao kabla ya kuchora ramani, na tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla jembe halijagusa ardhi.

Mkishapima udongo na bamvua, wekeni majibu hapa pamoja na picha ya eneo. Nitawasaidia kupanga ukubwa wa mabwawa na mahali pa milango.