Excel iliponiambia Waingereza waliiteka Tanga

Jumamosi moja nilikaa na Excel nikasema leo napigana upya mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Waingereza waliotoka India kwa meli walikuwa kama 8,000. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Nikachukua kanuni ya Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza wa enzi hizo hizo: nguvu ya jeshi ni idadi yake ikizidishwa kwa yenyewe, kisha kwa ubora wa askari wake (huo kwanza niliuweka sawa pande zote). Basi 8,000 mara 8,000, toa 1,000 mara 1,000, tafuta kipeuo cha pili. Wanabaki 7,937. Yaani Wajerumani wanakwisha wote, na Waingereza wanapoteza watu 63.

Ukweli ni kwamba tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wamepoteza zaidi ya 800 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea.

Nikafanya ujinga ambao nakuomba usiurudie. Nilianza kupandisha ubora wa askari wa upande wa Wajerumani mpaka hesabu ikubali. Ilibidi mmoja wao awe sawa na 64 ndipo watoke sare! Ukifika hapo funga kompyuta, kakoge.

Tatizo lilikuwa ile 8,000. Hao ni watu waliokuwa melini, si waliokuwa wanafyatua risasi. Kanuni ile inadhani kila mtu anamwona adui na anaweza kumlenga. Tanga palikuwa na vichaka na mashamba, watu wanashuka kwa mafungu, wamechoshwa na safari ya baharini. Na ile 1,000 nayo haikuwepo siku ya kwanza: Waingereza walitangulia kutoa taarifa kwamba wanakuja (ndiyo, walibisha hodi), na Lettow akaleta watu wake kwa treni kutoka upande wa Moshi.

Kwa hiyo anza na mapigano ambayo idadi za kila siku zipo. Iwo Jima ya 1945, kisiwa ambako Wamarekani walipigana na Wajapani, ndiyo shule nzuri, J. H. Engel aliipima mwaka 1954 kwa takwimu za Wamarekani za siku kwa siku, na mstari wa hesabu ukafuatana vizuri na hasara halisi.

Na nyuki wa Tanga, wale waliowavamia askari katikati ya mapigano, usiwatafutie namba. Mimi nilijaribu.

Siku hizi jedwali langu lina mstari kwa kila nusu siku, na safu mbili: waliopo, na wanaofyatua. Hiyo ya pili ndiyo inayonikesha.